RUBARBI: ASILI YAKE, SAFARI ZAKE NA UTUNZAJI WA MASHINA YAKE

Halmashauri ya Chama Kikuu chetu ilipoamua kutoa kijitabu hiki cha kuadhimisha miaka 10, ilitutaka sisi wa ofisi ya Katibu tuandike habari za zao moja miongoni mwa mazao yapitayo katika ghala yetu. Huenda wengi walitazamia kwamba tutaandika juu ya kabichi, karoti au viazi, maana hayo ndiyo yaliyojenga ghala hiyo na kulipia mizani na gari. Lakini mazao hayo yana wasemaji wengi. Tumechagua rubarbi, zao la wachache, ambalo katika Mkutano Mkuu uliopita lilizusha maneno mengi kuliko ukubwa wake.

Waliohudhuria watakumbuka. Wanachama wenye rubarbi walilalamika kwamba mashina ambayo zamani yalitoa vikonyo vinene kama kidole gumba sasa yatoa vikonyo vyembamba kama mabua ya ngano, na mengine yameoza kabisa yakawa uji ndani ya udongo. Wengine waliulaumu udongo. Wengine waliwalaumu jirani zao waliowapa mbegu. Na wengine, tena kwa sauti kubwa, walikilaumu Chama Kikuu kwamba chanunua rubarbi miezi yote 12 na kwa hiyo chawashawishi watu kuchuma bila kupumzisha shamba. Mkutano uliahirisha jambo hilo. Litakaporudi, twaona yafaa kila mjumbe awe ameujua mmea huu, umetoka wapi, umepitia mikono ya nani, na hao waliotutangulia waliutunzaje hata wakapata faida.

Kwa wale wasioupanda, rubarbi ni mmea wenye majani mapana mfano wa majani ya magimbi, utokao katika shina nene lililojificha ardhini. Shina hilo huishi miaka mingi. Kiliwacho ni kikonyo peke yake, yaani kile kijiti chekundu au cha kijani kibebacho jani. Ukali wake ni kama wa ukwaju, wala hakiliki bila sukari. Kwa asili ya mimea ni mboga, kwa matumizi ya jikoni ni tunda. Na mwaka 1947 mahakama ya forodha katika mji wa Buffalo, Marekani, iliamua kwamba kwa ajili ya ushuru ihesabiwe kuwa tunda. Jani lenyewe ni sumu, na habari hiyo tutaieleza mbele.

Lakini kwa muda wa karne nyingi hapana mtu aliyejali kikonyo. Mali ilikuwa mzizi. Katika milima ya kaskazini-magharibi ya China na upande wa Tibet, watu walichimba mizizi ya rubarbi tangu zamani sana, wakaikata, wakaikausha na kuitumia kuwa dawa ya kufungua tumbo. Wachina huiita jina lenye maana ya "manjano kubwa", kwa sababu ya rangi ya mzizi ukikatwa. Marco Polo, msafiri wa Venice, katika karne ya 13 alitaja milima ya huko ambayo rubarbi iliota kwa wingi na wafanyabiashara wakaja kuinunua na kuichukua pande zote za dunia. Waarabu waliijua kwa jina la rawandi. Wayunani waliipa jina la mto Volga, ambao kwa lugha yao ya kale uliitwa Rha, kwa kuwa walidhani yatoka ng'ambo ya mto ule, nchi ya watu wageni. Jina la rubarbi latokana na hayo.

Jambo la kuchekesha, na lenye mafunzo kwa kila mwuza mazao, ni kwamba rubarbi iliitwa kwa jina la njia iliyopitia wala si la shamba ilimoota. Iliyopita Urusi iliitwa rubarbi ya Urusi, na iliyopita bandari za Uturuki ikaitwa ya Uturuki, ijapokuwa zote zilichimbwa katika milima ile ile ya China. Mchimbaji hakutajwa popote.

Wafalme wa Urusi walitambua upesi kwamba mzizi huu ni fedha. Waliifanya biashara yake kuwa ya serikali, na baada ya mkataba wa Kyakhta wa mwaka 1727 baina ya Urusi na China, mji ule mdogo wa Kyakhta mpakani ukawa mlango wa rubarbi. Huko palikuwa na ofisi maalumu na mkaguzi aliyesomea dawa. Wafanyabiashara wa Bukhara walileta mizigo, na kila kipande kilichunguzwa: kilichunwa ganda, kikatobolewa ili kuona ndani kama kina wadudu au kimeoza, na kile kisichofaa kikateketezwa kwa moto. Hawakukirudisha kwa mwenyewe, maana angekiuza mahali pengine na kuharibu jina la mali nzima. Rubarbi iliyopita ukaguzi wa Kyakhta ilisifiwa Ulaya yote kuliko ile iliyokuja kwa merikebu kutoka Canton, ambayo aghalabu iliingiwa na unyevu katika safari ndefu ya bahari.

Tumewasikia baadhi ya wanachama wakiuita ukaguzi wa ghalani kwetu ukali usio na huruma. Twawaomba wafikirie moto wa Kyakhta. Hata hivyo hatutaki kuwapamba Warusi kupita kiasi. Ukaguzi ule uliilinda faida ya serikali yao, na mkulima au mchimbaji hakuwa na mjumbe hata mmoja katika ofisi ile. Ukali wa mizani ni mwema pale tu ambapo mwenye mali ana haki ya kumwuliza mpima.

Wachina nao walijua nguvu ya mali yao, pengine walijua kupita kiasi. Mwaka 1839 Lin Zexu, mjumbe wa Mfalme wa China aliyepelekwa Canton kukomesha biashara ya kasumba, alitunga barua kwa Malkia Victoria wa Uingereza. Miongoni mwa hoja zake alitaja chai na rubarbi kuwa vitu ambavyo mataifa ya kigeni hayawezi kukaa hata siku moja bila kuvipata. Alikuwa na haki katika shauri la kasumba, lakini katika shauri la rubarbi alikosea hesabu. Vita vilikuja mwaka ule ule, na wageni hawakufa kwa kukosa dawa ya tumbo. Sisi tuuzao mazao twajua hatari ya kudhani kwamba mnunuzi hana pengine pa kwenda.

Na kwa kweli wanunuzi walikuwa wamekwisha kuanza kutafuta pengine. Katika karne ya 18 Waingereza walijaribu kupanda rubarbi ya dawa nchini mwao. Daktari James Mounsey, aliyefanya kazi katika nyumba ya kifalme ya Urusi, alirudi Uskoti katika miaka ya 1760 na mbegu, nazo zikapandwa katika bustani ya mimea ya Edinburgh chini ya John Hope. Chama kimoja cha kutia moyo ufundi na biashara huko London kilitoa nishani kwa waliopanda vizuri. Watu walipanda maelfu ya mimea. Majani yalistawi, lakini mizizi haikuwa na nguvu kama ile ya China.

Sababu moja ilikuwa haraka. Mzizi wa dawa huhitaji miaka mingi ardhini kabla haujakomaa. Sababu ya pili ndiyo inayotuhusu sana sisi. Rubarbi huchanganya mbegu zake na jamaa zake wote walio karibu. Mbegu ya mmea mwema haizai mmea kama mama yake. Huzaa watoto wa kila namna, mmoja mnene, mmoja mwembamba, mmoja mwekundu, mmoja wa kijani. Wakulima wa Ulaya walipolitambua jambo hilo waliacha kutegemea mbegu. Waliposhika mmea mmoja mwema, walilipasua shina lake na kupanda vipande, kila kipande kikiwa na jicho lake na mzizi wake. Kwa njia hiyo kila mtoto ni mama yule yule. Wema wa mama huenda pamoja naye, na ugonjwa wake kadhalika.

Kikonyo kilipata heshima yake polepole. Mwanzoni mwa karne ya 19 mkulima wa bustani aitwaye Joseph Myatt, wa Deptford karibu na London, aliwatuma wanawe kwenda soko la Borough na matita 5 ya vikonyo. Waliuza 3 tu. Myatt hakukata tamaa. Aliendelea kuchagua mashina bora, na mwaka 1837, mwaka ambao Victoria alirithi kiti cha ufalme, alitoa aina aliyoipa jina la malkia huyo. Aina ya Victoria yapandwa hata leo.

Kilichomsaidia Myatt na wenziwe zaidi ya jambo lolote kilikuwa sukari. Rubarbi bila sukari ni adhabu. Sukari ya bei nafuu ilipoenea Uingereza, na hasa baada ya ushuru wake kuondolewa mwaka 1874, hata nyumba za wafanyakazi zikapika rubarbi. Hatuwezi kupita hapa bila kukumbuka kwamba msingi wa biashara ile ya sukari uliwekwa katika visiwa vya Karibi kwa mikono ya watu waliochukuliwa Afrika utumwani. Utamu uliofungua soko la rubarbi ulikuwa na gharama ambayo haikuandikwa katika daftari la mwuza duka.

Sasa tufike Yorkshire, kaskazini ya Uingereza, maana huko ndiko ufundi wa rubarbi ulikofika upeo wake. Ilikuwa imegunduliwa katika bustani ya dawa ya Chelsea, London, yapata mwaka 1817, kwamba mashina yaliyofunikwa udongo kwa bahati wakati wa baridi yalichipua vikonyo laini, vitamu kuliko vya shambani. Watu wa Yorkshire waliligeuza jambo hilo kuwa kazi kamili. Mwaka 1877 jamaa ya Whitwell, wa Kirkstall karibu na Leeds, walijenga mabanda ya kuoteshea rubarbi gizani, na baada yao wakulima wa sehemu za Wakefield, Morley na Rothwell wakafuata.

Kila kitu walichohitaji kilikuwa karibu. Udongo ulikuwa mzito na wenye kushika maji. Baridi ya milima ya Pennine iliwaletea sakitu mapema. Makaa ya mawe ya kupashia mabanda moto yalichimbwa pale pale. Viwanda vya sufu viliwapa takataka za sufu, ambazo huoza taratibu na kuulisha mmea naitrojeni kwa muda mrefu. Na reli ilipita mlangoni. Twapenda kulikazia jambo hilo la sufu: walitumia kilichotupwa na jirani yao. Kwetu pia samadi huteketea katika mazizi hali mwenye zizi analalamika juu ya bei ya mbolea ya dukani.

Desturi yao ilikuwa hii, na hata sasa wachache waliosalia huifuata. Shina hukaa shambani miaka 2 bila kuchumwa hata kikonyo kimoja. Majani hunyonya jua na kuweka akiba ya chakula katika shina. Majani yakauke, sakitu ipige, mmea ulale usingizi. Ndipo shina hung'olewa na kupangwa katika sakafu ya banda lenye giza na vuguvugu. Shina hudhani kwamba baridi imekwisha, nalo hutumia akiba yake yote kupeleka vikonyo juu kutafuta mwanga usiokuwapo. Vikonyo huwa vyekundu laini, na majani hubaki madogo ya manjano. Wachumaji huingia na mishumaa, kwa kuwa mwanga mwingi ungeiharibu kazi. Ukisimama kimya husikia vifuniko vya macho vikipasuka kwa jinsi vikonyo viendavyo mbio. Baada ya mavuno shina limekwisha. Hutupwa likawa mboji.

Katika siku za ustawi walikuwako wakulima wapatao 200 katika eneo la maili mraba 30 hivi, na kila usiku wa siku za kazi, tangu majira ya Krismasi hata Pasaka, gari moshi maalumu liliondoka kituo cha Ardsley kwenda London likiwa limejaa rubarbi, wakati mwingine tani 200 kwa siku. Gari hilo lilikoma mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Kabla ya hapo ilipita vita. Katika Vita Kuu ya Kwanza chakula kilipopungua Uingereza, watu walishauriwa kula majani ya rubarbi kama mchicha, na mwaka 1917 wako waliokufa. Jani lina asidi ya oksaliki nyingi pamoja na vitu vingine vyenye madhara. Ushauri ule ulitolewa na watu waliosoma, ukachapishwa, na ulikuwa mbaya. Kwa hiyo twarudia kwa herufi nzito katika kila tangazo la ghala: jani lote likatwe shambani, lisipelekwe jikoni wala lisipewe mbuzi wala ng'ombe. Katika lundo la mboji halidhuru.

Vita ya Pili ilipokwisha, Waingereza waliendelea kupewa sukari kwa vipimo hata mwaka 1953, na kizazi kizima kilikuwa kimekula rubarbi chachu hata kikaichoka. Meli zikaleta ndizi na machungwa kwa wingi. Wakulima wa Yorkshire wakauza mashamba, makaa yakapanda bei, viwanda vya sufu vikafungwa. Leo eneo lao ni kama maili mraba 9, na wakulima wa gizani wamebaki kama 12 hivi. Mwaka 2010 Jumuiya ya Ulaya iliwapa haki ya kulilinda jina la rubarbi yao, kwamba asiyekuwa wa pale na asiyefuata desturi ile asilitumie. Haki ile ni njema, lakini ilikuja wakati wengi wa waliostahili kufurahi wamekwisha kuacha kazi.

Baada ya safari hiyo turudi katika milima yetu. Rubarbi ilifika nyanda za juu za Afrika Mashariki pamoja na walowezi wa Kizungu, walioipanda nyuma ya nyumba zao kwa ajili ya meza zao wenyewe. Kwetu yauzwa kwa mahoteli na kwa wapikao jamu. Tofauti kubwa baina yetu na Yorkshire si udongo bali ni usingizi. Huko baridi hulilaza shina kwa nguvu, mkulima apende asipende. Huku kwetu baridi haifiki kiasi hicho. Shina hutoa majani mwaka wote, na kwa kuwa majani yapo, mwenye shamba huchuma. Mmea usiolazwa na mbingu hapana budi ulazwe na mwenyewe. Kwa maoni yetu hiki ndicho kiini cha malalamiko ya Mkutano Mkuu, nacho chaweza kutibiwa bila kununua kitu.

Mwenye kuanza achague mahali pasipotuama maji, kwa sababu shina likikaa majini huingiwa na kuoza ambako hakuna dawa. Litakalooza ling'olewe lote pamoja na udongo uliolizunguka, wala pasipandwe rubarbi tena mahali hapo. Shimo lijazwe samadi iliyooza. Jicho liwe sawasawa na uso wa udongo, lisizikwe. Baina ya shina na shina ziwe sentimeta 90. Wanaobana wakidhani watapata zaidi hupata majani mengi na vikonyo vyembamba. Mwaka wa kwanza asichume kitu. Mwaka wa pili achume kidogo. Tangu mwaka wa tatu achume vema, lakini kila mara aache si chini ya theluthi moja ya majani. Kikonyo kishikwe chini, kivutwe kwa kukisokota. Kisu huacha kigutu, na kigutu huoza. Bua la maua likitokea likatwe mara moja, maana hula akiba. Kila baada ya miaka 5 hivi shina lipasuliwe na vipande vya pembeni, vilivyo vichanga na vizima, vipandwe mahali pengine.

Juu ya hivyo vipande yako maneno zaidi. Rubarbi hushikwa na magonjwa ya virusi, na virusi huchukuliwa na vidukari au na minyoo midogo ya udongoni. Shina lenye virusi halifi upesi. Hudhoofu mwaka hata mwaka, majani yakiwa na mabaka, vikonyo vikipungua. Mwenye nalo hudhani udongo umechoka, humpa jirani yake vipande kwa moyo mwema, na jirani humpa shemeji yake. Hivyo ndivyo ukarimu unavyoeneza ugonjwa milima kwa milima. Wataalamu wamejua kumtoa mtoto safi kwa kukuza ncha ndogo sana ya kuotea katika chupa, na katika kituo cha Stockbridge House, huko Yorkshire, zilitolewa aina mpya kadha wa kadha za rubarbi. Sisi hatuna maabara. Tuna macho, na tuna daftari.

Yabaki shauri la kununua miezi 12. Wapo waliotaka ghala ifungiwe rubarbi miezi 4 kila mwaka. Wapo pia, na miongoni mwao wajane wenye robo eka, walioinuka kusema kwamba rubarbi ndiyo ada ya shule, na ada haingoji mmea ulale. Pande zote mbili zasema kweli. Kwa hiyo Halmashauri itauletea Mkutano pendekezo hili: ghala ibaki wazi, lakini kila mwenye rubarbi agawe shamba lake sehemu mbili, moja ichumwe hali nyingine imelala miezi 4, kisha zibadilishane, na mkaguzi wa chama cha msingi apite kutia alama ya rangi katika kigingi cha sehemu iliyolala. Mzigo uliotoka sehemu yenye alama hautapokewa. Mapato ya mwaka wa kwanza yatapungua, na hilo twalisema wazi ili mtu asije akasema alidanganywa.

Shamba la miche nyuma ya ofisi lina mashina 60 yaliyochaguliwa kutoka mashamba ambayo hayajaonyesha mabaka kwa misimu 3. Vipande vyake vya kwanza vitagawanywa masika yajayo, na kila kipande kitaandikwa namba ya mama yake. Wanaotaka waandikishe majina kwa makatibu wa vyama vya msingi kabla ya mvua, na waje na mashimo yao yamekwisha kuchimbwa.